Pasi ya Makaa na Sanduku la Bati: Maswali Yenu

Pasi ya makaa ya nyanya bado nzima, ila inanata kwenye nguo na kumwaga majivu. Nifanyeje? (Kakamega)

Itunze, ni chombo kizuri. Washia makaa nje, kwenye jiko, mpaka yaive yote na moshi uishe, ndipo uyatie kwenye pasi. Ibembeze hewani majivu mepesi yatoke, kisha ipitishe juu ya jani bichi la mgomba: uchafu hubaki kwenye jani na chuma huteleza. Shati jeupe lifunike kwa kitambaa chenye unyevu. Nailoni isubiri makaa yafifie, maana huyeyuka.

Mvua ikinyesha, naweza kupigia pasi chumbani? (Nyalenda, Kisumu)

Mlango na madirisha yakiwa yamefungwa, hapana. Makaa mekundu yasiyo na moshi ndiyo huponza watu: hutoa monoksidi ya kaboni, hewa isiyo na rangi wala harufu, nayo huua. Piga pasi barazani. Usiku usiilaze ndani kabla haijazimika kabisa.

Pasi ya umeme ilianza lini? (Nakuru)

Henry Seeley wa New York, Marekani, alipewa hataza yake, yaani hati ya haki ya uvumbuzi, mwaka 1882.

Sanduku la bati linatia nguo kutu. (Homa Bay)

Likwangue kwa msasa, lipake rangi, liinue juu ya matofali. Ndani tandika shuka kuukuu. Gazeti huachia wino.

Nguo za kifungua mimba nilizihifadhi na vidonge vyeupe vya nondo. Mdogo wake anaweza kuzivaa? (Busia)

Si hivyo zilivyo, tafadhali. Vidonge vya nafthalini hutoa mvuke unaoingia kwenye nguo. Kuna watoto wanaozaliwa na upungufu wa kimeng'enya kiitwacho G6PD, protini inayolinda chembe nyekundu za damu, na upungufu huo hupatikana zaidi maeneo ya malaria kama huku kwetu. Mara nyingi familia haijui. Kwa mtoto kama huyo, nafthalini huweza kupasua chembe nyekundu za damu. Zifue, uzianike nje mpaka harufu iishe kabisa. Blanketi linaloendelea kunuka usimfunike nalo. Isitoshe, mabuu ya nondo hupenda sufu, hasa iliyowekwa na jasho. Nguo za pamba zilizofuliwa na kukauka vizuri hazihitaji vidonge hivyo. Mtoto akipata manjano machoni au mkojo mweusi, mkimbize hospitali na umweleze daktari habari za vidonge.