Kuhakiki rekodi ya laivu ya Requiem ya Verdi

Wengi wanaoanza kuhakiki Requiem, yaani misa ya wafu, ya mtunzi Mwitaliano Giuseppe Verdi, hukimbilia Dies irae (sehemu ya "Siku ya ghadhabu") kwa sababu ndiko kwenye kishindo. Lakini kishindo hudanganya sikio, na karibu kila okestra kubwa hukimudu. Anzia kwenye sauti za chini. Requiem hii, iliyopigwa mara ya kwanza Milan tarehe 22 Mei 1874, mwaka mmoja kamili tangu kufariki kwa mwandishi Alessandro Manzoni, hufunguliwa na selo (fidla kubwa zenye sauti nzito) peke yake. Selo hizo zimewekewa kizuia sauti na zinashuka taratibu, kisha kwaya inaingia kama inayonong'ona. Hapo ndipo pa kupangia sauti ya spika zako: ongeza mpaka uzisikie selo bila kutega sikio, kisha usiguse tena kitufe hadi mwisho. Tenga dakika 90 hivi, na mlango ufungwe.

Ukifika Dies irae, unatakiwa kushtuka. Usiposhtuka, jua kwamba fundi sauti amebana tofauti kati ya sauti kubwa na sauti ndogo, jambo la kawaida kwenye matangazo ya redio ili anayesikiliza ndani ya gari asipitwe na kitu. Dalili yake ni hii: kwaya inaposhusha sauti, pumzi za watu, viti na uvumi wa ukumbi hupanda, okestra inapopiga kwa nguvu, vyote hivyo humezwa ghafla. Usimlaumu kondakta kwa hilo. Huenda ukumbini watu walitetemeka.

Ngoma kubwa ya Dies irae inastahili kurudiwa mara tatu nne. Verdi aliandika kwenye nota kwamba kamba zake zikazwe sawasawa ili pigo litoke kavu na lenye nguvu nyingi, maana linaangukia kati ya mapigo, okestra ikiwa imeshanyamaza. Kwenye rekodi nzuri utasikia kwanza rungu likigonga ngozi, kisha hewa ya ukumbi ikiitikia. Ukisikia "buu" nzito inayofunika kila kitu, ngozi ililegea au ukumbi una mwangwi mwingi. Ukisikia mkwaruzo, kuna mawili. Sikiliza tena kwa hedifoni: mkwaruzo ukipotea, tatizo ni spika zako. Ukibaki, na ukausikia pia soprano wa kwaya (wanawake wa sauti ya juu) wanapopanda, basi maikrofoni zilizidiwa siku ile ile na hakuna wa kuutoa sasa.

Tuba mirum, sehemu ya tarumbeta za siku ya hukumu, ina tarumbeta 8: 4 ndani ya okestra, na 4 ambazo Verdi alitaka ziwe mbali na zisionekane. Sauti husafiri takribani mita 340 kwa sekunde, kwa hiyo tarumbeta iliyo mita 34 kutoka kwa kondakta humfikia ikiwa imechelewa sehemu moja ya kumi ya sekunde, na sikio la mwanamuziki hulinasa hilo mara moja. Kuchelewa kidogo kwenye milio ya mwanzo kunavumilika. Kusikovumilika ni makundi yote mawili kusikika yamekaa kiti kimoja. Hapo fundi aliweka maikrofoni mdomoni mwa tarumbeta za mbali, na umbali wote alioutaka Verdi umepotea.

Aliyewahi kuimba kwaya anajua jinsi sauti zinavyoshuka pasipo kinanda. Agnus Dei ("Mwanakondoo wa Mungu") ni mtihani huo huo: soprano na mezo-soprano (sauti ya kike ya kati) wanaimba wimbo mmoja, mmoja juu na mwingine chini kwa oktavu moja (noti nane), kwa bari 13, yaani vipimo 13 vya mapigo, bila ala yoyote. Usijisumbue kupima kwa kinanda chako, kwa sababu okestra nyingi hujitune juu kidogo ya kipimo cha kawaida. Sikiliza kiungo chenyewe, pale ala zinapoingia pamoja na kwaya. Kama waimbaji walishuka, hapo utasikia kama ngazi imerukwa.

Libera me ("Uniokoe"), sehemu ya mwisho, ina mtego mwingine. Soprano, akiwa na kwaya tu, humaliza kifungu cha Requiem aeternam kwa kuruka oktavu moja hadi noti ya si bemoli ya juu, iliyoandikwa pppp, yaani kwa sauti ndogo mno. Wengi huiimba kwa nguvu zaidi ili isivunjike. Sisi tunampa alama zaidi anayethubutu kuiimba kwa sauti ndogo hata ikitetema kidogo. Angalia tu kama sauti yake imekuwa kubwa ghafla ilhali kwaya imebaki pale pale. Huyo ni fundi na kitufe chake.

Halafu neno "laivu" lenyewe. Soma kijitabu cha rekodi: kikitaja tarehe mbili au tatu, umepewa maonyesho yaliyounganishwa. Ni desturi ya zamani. Hata ile ya kondakta Arturo Toscanini ya ukumbi wa Carnegie Hall, New York, 27 Januari 1951, ilipotolewa iliingizwa vipande vya mazoezi. Vipande vya mazoezi hujitambulisha kwa mkia wa sauti. Ukumbi mtupu huvuma kwa muda mrefu zaidi kuliko uliojaa, kwa kuwa miili na nguo za watu hunyonya sauti. Akodi (noti kadhaa zinazopigwa pamoja) mbili zenye nguvu sawa zikiwa na mikia ya urefu tofauti, huenda kisu cha kuunganisha rekodi kimepita katikati.

Samehe pembe iliyokwaruza noti moja, samehe kikohozi. Usisamehe kwaya iliyozikwa nyuma ya trombone kwa saa nzima. Sehemu ya Sanctus ("Mtakatifu") imeandikiwa kwaya mbili, sauti 8. Usipoweza kufuata hata besi wa upande mmoja, sema hivyo wazi kwenye uhakiki wako.

Mwishoni kwaya na soprano huzimika kwa minong'ono. Hesabu sekunde kabla ya makofi, na usikilize ukimya wenyewe: ukiwa na pumzi za watu, ni wa ukumbini, ukiwa mtupu kabisa, umetengenezwa kwenye mashine.