Kozi ya kwanza ya teki daiving: usiulize utashuka mita ngapi

Madaivmasta wenzangu (waongoza wazamiaji) wa Nungwi, Zanzibar, wakisikia nimesoma teki, yaani uzamiaji wa kiufundi unaovuka mipaka ya ule wa burudani, swali ni lile lile, ulishuka mita ngapi? Jamani, kozi ya kwanza haikupeleki popote. Muda mwingi mi nilikuwa kina cha mita 6, karibu kabisa na mchanga, instrakta ananirekodi na kamera, afu jioni mnakaa kuangalia video unajiona magoti yameshuka na mapezi yanatimua mchanga kama trekta. Inauma ila inafundisha kuliko maneno.

Jua kwanza unalipia nini maana majina yanachanganya. Intro to Tech ya TDI na Fundamentals ya GUE (haya ni mashirika ya kufundisha uzamiaji, kama PADI) hazikupi ruhusa ya kufanya deko, yaani kuzamia kunakokulazimu kusimama njiani wakati wa kupanda, zinakufundisha kutulia na kuvizoea vifaa. Tec 40 ya PADI ndo inakuruhusu kidogo, mwisho mita 40 na deko isiyozidi dakika 10. Mi nasema anza na hizo za mwanzo, hata kama umeongoza wageni Mnemba miaka na miaka, tena nyie ndo hasa, kwa sababu tumezoea kuogelea huku tunageuka geuka kuhesabu watu, kukaa tuli sehemu moja bila kupiga mapezi ni ishu nyingine kabisa.

Kitakachokutesa ni valvu. Una mitungi miwili mgongoni imeunganishwa kwa juu, valvu tatu ziko nyuma ya kichwa huzioni, na unatakiwa kuzifunga na kuzifungua moja moja huku umelala bapa na kina hakibadiliki. Unaanza ya kulia. Kabla hujaifunga vuta kwanza ile rigyuleta (kifaa cha kupumulia) ya akiba ya shingoni uhakikishe inatoa hewa, ndo uzungushe, pumzi inakuwa nzito, nzito zaidi, inakata, unahamia ya akiba. Mkono usipofika usilazimishe bega, legeza mikanda, mkono mwingine usukume kitako cha mitungi kwenda juu, na wetisuti inayobana usije nayo.

Kingine ni hesabu ya gesi, na hii itakubadilisha hata kazini. Chukua mita 30, mtungi wa kawaida wa alumini wa lita 11, mwenzako kaishiwa mnapumua wote kwako. Mtu mwenye hofu tumpe lita 30 kwa dakika, wawili 60. Dakika moja ya kuelewana chini na nne za kupanda, presha ya wastani ya maji njiani tuseme bar 2.5, 60 mara 5 mara 2.5 inakuja lita 750, yaani karibu bar 70 za mtungi huo. Na hapo hamjasimama mita 5 kwa usalama hata kidogo! Sasa ile "tupande ukifika bar 50" tunayowaambia wageni, piga mwenyewe hesabu.

Instrakta anayekuhakikishia cheti kabla hajakuona majini mkimbie. Muulize kama watu wanafeli kwake, na kama anazamia na mitungi miwili hata siku asizokuwa na wanafunzi.

Vifaa kodi kwanza, ni ghali. Ila ukipata bekipleti (bamba la mgongoni la kubebea mtungi) na wingi (mfuko wa hewa wa kukuelesha) ya mtumba iliyo nzima chukua, utaitumia na mtungi mmoja kazini mwili uzoee, na kila ukipata nafasi jifunze kurudi kinyumenyume kwa mapezi, maana hiyo peke yake inaweza kukulia siku nzima ya kozi uliyoilipia kwa dola.