Kabla Hujalipia Picha Yenye Saini ya Terry O'Neill

Mtu akiniuliza aanzie wapi kukusanya picha za mastaa zilizosainiwa na mpigapicha mwenyewe, humtajia Terry O'Neill. Alikuwa mtu wa magazeti: alimnasa waziri wa Uingereza, Rab Butler, amesinzia uwanja wa ndege wa Heathrow, na picha hiyo ikamfungulia njia ya kuingia gazeti la Daily Sketch la London. Mimi naipenda zaidi ile ya mwigizaji Faye Dunaway kando ya bwawa la hoteli Beverly Hills, alfajiri ya Machi 1977 baada ya kutwaa Oscar. Sanamu ya tuzo iko mezani, magazeti yametapakaa chini, na uso wake umechoka kabisa.

Sasa tuje kwenye hesabu, maana hapo ndipo pesa hupotelea. Ukiona picha imeandikwa 12/50, hiyo ni nakala ya 12 kati ya 50. Usihangaikie namba ndogo. Ya 2 haiishindi ya 48 kwa ubora. Mbane muuzaji kwa swali hili: hizo 50 ni za saizi hii tu, au ni zote zilizopo? Picha ileile huweza kutolewa kwa saizi kadhaa, kila saizi na idadi yake, na bado kuna nakala za mpigapicha zenye alama ya A/P ambazo haziingii kwenye hesabu hiyo. Adimu inaweza kugeuka kuwa mamia. Akutajie zote, kwa maandishi. Akibabaika, mimi humwachia picha yake, hata kama moyo unaitaka.

O'Neill alifariki Novemba 2019, kwa hiyo saini zake hazitaongezeka. Nakala inayochapwa baada ya mpigapicha kufa inaweza kupendeza sana, lakini huwa na muhuri wa wasimamizi wa kazi zake. Usiilipie bei ya saini.

Saini mara nyingi huwa kwenye ukingo mweupe chini ya picha. Kama fremu imeuziba, omba ifunguliwe. Hati ya uthibitisho yeyote anaweza kuichapa. Naiamini zaidi risiti ya duka la sanaa lililoiuza mara ya kwanza.

Na tafadhali, fundi wa fremu asiukate ukingo huo! Mwambie atumie kadibodi isiyo na asidi na kioo kinachozuia miale ya jua, na karatasi isigusane na kioo. Picha za rangi hupauka upesi kuliko nyeusi na nyeupe. Hiyo ya Dunaway ni ya rangi, hivyo itafutie ukuta usiopigwa na jua kabisa.