Shangazi, kila alfajiri najiambia mimi ni mshindi alafu nalia

Binti mmoja wa Kirumba, Mwanza, kaniandikia, barua yake ni ndefu nimeifupisha: "Shangazi shkamoo. Nauza dagaa pale mwaloni, soko la samaki. Mvua za Aprili zilinikuta nimeanika mzigo wote, ukaharibika nikauza kwa bei ya chakula cha kuku, mtaji wa laki nane ukaisha, nikaingia kausha damu, ile mikopo ya riba kubwa. Toka hapo nasikiliza sana klipu za motivesheni, kila saa kumi na moja alfajiri nasimama mbele ya kioo najiambia mimi ni mshindi, mimi ni tajiri, narudia mara nyingi. Nikimaliza nalia. Jirani anasema sina imani. Nina tatizo gani mpaka maneno mazuri yananiumiza? Kinachonipa moyo kidogo ni mteja wangu wa Sengerema, bado ananipigia kabla hajapanda kivuko cha Kamanga, anasema nimuwekee zangu mana hazina mchanga."

Marahaba mwanangu. Kwanza pole, laki nane kwa mtu wa mwaloni sio hela ya kusema itarudi kesho, na nimekasirika kidogo na huyo jirani, mana mtu ameshapoteza mtaji alafu unamwongezea na dhambi ya kukosa imani. Huna tatizo lolote la hivo.

Hicho kinachokupata mbona kinajulikana. 2009 huko Canada mwanasaikolojia Joanne Wood na wenzake waliwapa watu sentensi ya kujisifu wairudie rudie, kwamba mimi ni mtu wa kupendwa, na wale ambao tayari walikuwa wanajiona hawafai wakamaliza wakijisikia vibaya kuliko wenzao ambao hawakurudia kitu. Sasa wewe unasema mimi ni tajiri na daftari la marejesho liko hapo hapo kwenye kabati unaliona, akili inakujibu palepale muongo wewe, afu inaanza kukusomea ushahidi, mvua, deni, kodi ya chumba, yaani kila alfajiri unajipeleka mahakamani mwenyewe na kesi unashindwa. Achana na kioo. Kuanzia kesho lala hiyo nusu saa.

Hao wa kwenye klipu wanapenda sana kuitaja saikolojia chanya, lakini Martin Seligman aliyeisukuma toka 1998 alipokuwa rais wa chama cha wanasaikolojia Marekani hoja yake ilikuwa kwamba wataalamu wamechunguza sana kinachomvunja mtu, sasa wachunguze kwa bidii ile ile kinachomfanya astawi. Kuchunguza kunataka ukweli. Zoezi moja la Seligman na wenzake ambalo mimi nalipenda kuliko yote, walilipima na kulichapisha 2005: kila usiku kwa wiki moja unaandika mambo matatu yaliyoenda vizuri siku hiyo, hata madogo, na pembeni ya kila moja unaandika kwanini limeenda vizuri. Furaha haikupanda siku ile ile, ilianza kuonekana baada ya kama mwezi, na walioendelea nalo wenyewe bila kuambiwa ndo walifaidika zaidi hadi miezi sita baadae.

Watu wengi wakilifanya wanaruka hiyo kwanini, wanaandika tu nimshukuru Mungu nimeamka salama. Kushukuru ni kuzuri sana, ila kwanini ndo yenye kazi, na wewe nakuonyesha kwa barua yako mwenyewe. Huyo wa Sengerema umemtaja mwisho kabisa kama kitu cha bahati. Kwanini dagaa zako hazina mchanga? Mana unaanika kwenye chanja wakati wengine wanamwaga chini, alafu unakaa unachambua na kuchekecha mpaka mgongo unauma, na mtu anavuka ziwa akijua hilo. Mvua imechukua mzigo, huo ujuzi haijauchukua na wala huyo mteja haijamchukua. Hiyo ni sentensi ya kujisifu ambayo akili yako haiwezi kuibishia hata ikitaka.

Kuhusu kujiona tajiri kwenye ndoto za mchana, kuna mama Mjerumani mtafiti, Gabriele Oettingen, ameonyesha miaka mingi kwamba kuota mafanikio peke yake kunapunguza nguvu ya kuyatafuta, mwili unatulia kama umeshafika. Anachoshauri ni uwaze unachotaka afu hapo hapo ujiulize kitakachonikwamisha ni nini, na hicho ukiwekee mpango kabisa wa kikitokea hivi nafanya hivi. Kwako kipingamizi ni wingu. Kwaio plani yako isiwe nitakuwa makini, iwe: nikiona wingu limeanza kutanda upande wa ziwa naanua chanja la kwanza bila kusubiri tone, na turubai linakaa pale pale chini ya chanja sio nyumbani. Ya pili ni zile siku za mbalamwezi, mitumbwi ya karabai, ile inayovua dagaa usiku kwa taa, haiendi, mzigo hamna, na nahisi hizo ndo siku unazokaa ndani unaliwa na mawazo. Zipangie kazi mapema: mbalamwezi ikianza napiga simu kwa wateja wote, nakaa na daftari, najiuliza mwezi huu nini kimeniingizia, nini kimenikula, hatua moja ninayoiweza wiki hii ni ipi. Na ukijiuliza jiite jina lako, mwambie huyo mtu kama unavomwambia shoga yako aliyeharibikiwa mzigo, mana najua yeye usingemwita mzembe.

Ukiona usingizi na hamu ya kula vimepotea wiki mbili au zaidi, usingoje daftari likuponye, nenda kituo cha afya au hospitali ya Bugando pale, idara ya afya ya akili ipo. Na ikija hata fikra moja ya kwamba bora nisingekuwepo, nenda siku hiyo hiyo na umwambie mtu aliye karibu yako.

Deni sasa. Hamna zoezi la akili linalolipa kausha damu mwanangu, na wewe usikope kwengine ukalipie hapo, nakuomba sana. Nenda kwao na daftari lako kabla hawajakufata, waeleze marejesho ya kila siku huyawezi siku mitumbwi haiendi, omba walau siku za mbalamwezi ulipe nusu, na uende na mtu mzima unayemuamini asikie wanachosema. Alafu niandikie wamejibuje, tuangalie pa kuanzia na mtaji mdogo.