Seli nazo zina nasaba: majibu kwa wasomaji wa Lamu

*Mwanafunzi, Mokowe: Ulisema seli za kinga zina ukoo. Ukoo huo unajulikanaje, ilhali hakuna aliyezitia alama?*

Kila seli hurithi maandishi ya DNA, herufi kama bilioni 6. Kadiri inavyoishi na kugawanyika, herufi moja moja hubadilika, na badiliko hilo hurithiwa na kizazi chake chote. Fikiria miswada ya tenzi iliyonakiliwa kwa mkono Pate na Siyu. Ukikuta nakala mbili zimekosea neno lilelile katika ubeti uleule, wajua zimetoka kwenye mswada mmoja. Ndivyo seli zinavyosomwa. Panya wa maabara hutiwa alama katika jeni zake. Mwanadamu hafanyiwi hivyo, na ni haki asifanyiwe. Kwake alama ni mabadiliko haya ya asili. Seli shina ya damu, yaani seli mama inayozaa seli za damu ndani ya uboho, hupata takriban mabadiliko 17 kila mwaka, kwa hiyo hata umri wa tawi hukadirika.

*Mama, Langoni: Jeni kubadilika si ndiyo saratani?*

La, mama, usiingiwe na hofu. Mengi hayadhuru kitu. Machache, kama yale ya jeni za TET2 na DNMT3A, huifanya seli izaliane kuliko wenzake, na hatari ya saratani ya damu huongezeka. Hata hivyo wengi walio nayo hawaugui kamwe.

*Mzee, Shela: Kipimo hiki kitanionyesha kama wazee wetu walitoka Hadhramaut?*

Hapana, mzee wangu. Mabadiliko haya hutokea ndani ya mwili wako baada ya mimba kutungwa, na yale ya damu hayamfikii mwanao.

*Fundi wa majahazi, Matondoni: Nilichanjwa utotoni. Seli zilizojifunza wakati ule bado zipo?*

Nyingine zipo, nyingine umebaki na vitukuu vyake. Swali lako nimelipenda, fundi, kwa sababu seli hizi nazo huunga. Seli T na seli B, aina mbili za seli za kinga, hukata vipande vya jeni na kuviunganisha upya, kila moja kwa namna yake; mwanasayansi wa Japani Susumu Tonegawa alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1987 kwa kuufichua ufundi huo upande wa seli B. Watafiti wakikuta leo maungio yaleyale katika seli nyingi, wanajua zote zimezaliwa na seli moja. Seli B huendelea kubadilika zikipambana na vijidudu, kwa hiyo ndani ya ukoo mmoja huonekana matawi: lipi lilitangulia, lipi lilinoleka zaidi, na lipi lilikatika.