Kilichozeeka ni kuokota, si kuruka

Ndugu Mhariri,

Swali lenu la wiki: gemu za kuruka za studio ya Rare bado zinachezeka, au tunazisifia kwa sababu tulizikuta utotoni? Zinachezeka, ila si zote. Na umri hauhusiki. Kinachoziangusha ni wingi wa vitu vya kuokota.

Tuanze na Donkey Kong Country ya SNES, mashine ya gemu ya Nintendo, 1994. Picha zake zilitengenezwa kwenye kompyuta za Silicon Graphics kisha zikabanwa ziingie kwenye kaseti, na leo hizo ndizo zinazoonesha mikunjo. Mwendo uko palepale. Bingirika mpaka upite ukingo, subiri nyani awe hewani, ndipo ubonyeze kuruka: atafika mbali kuliko kawaida. Ukibonyeza mapema unapata mruko wa kawaida tu, unaishia shimoni, unalaumu padi. Ya pili, ya 1995, ina nyani Dixie anayezungusha nywele kama pangaboi na kushuka taratibu, kwa hiyo mruko uliokosewa bado unarekebishika. Kwangu hiyo ndiyo kilele chao.

Banjo-Kazooie (1998) ndipo hesabu inapoanza: dunia 9, kila moja noti 100 za muziki za kuokota. Kwenye kaseti ya Nintendo 64, ukifa ukiwa na noti 87, hiyo 87 inabaki kama rekodi, lakini noti zote zinarudi mahali pake na unaanza sifuri. Ndiyo maana chumba cha injini cha Rusty Bucket Bay kinachukiwa: ukiteleza ukaanguka shimoni, kazi yote imekwenda na maji. Toleo la Xbox 360 la 2008 liliondoa adha hiyo. Noti uliyookota ni yako. Toleo hilo ndilo lililomo kwenye Rare Replay ya 2015, mkusanyiko wa gemu 30 kwa Xbox One. Lile la Nintendo Switch limefuata kaseti, kwa hiyo na sheria ya zamani imo. Mgeni wa gemu hii mpeni la Xbox. Na mwambieni atembee polepole ndani ya ngome ya mchawi Gruntilda: wimbo ni uleule, ila vyombo vinabadilika kadiri unavyoukaribia mlango wa kila dunia.

Donkey Kong 64 (1999) ilivuka mpaka. Nyani 5, kila mmoja na rangi yake ya ndizi, 100 kwa kila dunia, dunia 7: jumla 3,500, na bado hatujahesabu ndizi za dhahabu 201. Ukiwa na Donkey unaziona ndizi za zambarau za mwenzake Tiny ziko mbele ya pua, unapita katikati yake kama hewa. Rudi kwenye pipa la kubadilishia, chagua Tiny, rudi tena. Huo si ugumu, ni usumbufu.

Kuna kitu kingine watu hukiita uzee: kaseti ya Donkey Kong Country isiyohifadhi ulipofikia. Hiyo ni betri ya CR2032 ndani, volti 3, imekwisha. Kasha linafunguliwa kwa bisibisi maalumu ya milimita 3.8. Nunua betri yenye miguu iliyokwishaungwa, kwa sababu kuilehemu betri yenyewe kunaipasha moto na inaweza kupasuka. Angalia chanya na hasi kabla ya kulehemu miguu hiyo. Ukigeuza, gemu itawaka vizuri ila haitakumbuka kitu. Ulichokuwa umehifadhi kitapotea, hilo halikwepeki. Kaseti ya Banjo haina betri, msiifungue bure.

Na kwa hewa yetu ya chumvi hapa Tanga, kabla ya kumpelekea fundi kaseti isiyowaka, sugua pini zake kwa pamba iliyoloweshwa spiriti, iache ikauke kabisa, ndipo uichomeke. Msipulize kwa mdomo. Mate nayo huleta kutu.

Msomaji, Ngamiani, Tanga