Mkifika Wamelala: Majibu kwa Wazazi Wanaofanya Kazi Wote Wawili

SWALI: Ndugu washauri, salaam. Mume wangu ni mhasibu, mimi niko benki, tunakaa Kireka, nje kidogo ya Kampala. Watoto wetu wana miaka 9, 6 na 3. Gari la shule linawachukua wakubwa saa kumi na mbili kasorobo asubuhi. Sisi, kwa jam ya Jinja Road, tunaingia nyumbani saa mbili na nusu usiku, na huwa tunawaamsha ili tuwaone kidogo. Mwalimu analalamika kwamba huyu wa miaka 6 anasinzia darasani. Wikendi nayo inaliwa na vikao vya harusi. Tufanyeje?
*Mama wa watatu, Kireka*

JIBU: Mama, acheni kuwaamsha, hata leo usiku. Mtoto wa miaka 6 hadi 12 anahitaji usingizi wa saa 9 hadi 12. Wenu wanaamka saa kumi na moja alfajiri. Ili wapate hizo 9 tu, saa mbili usiku iwakute wamelala. Huyo wa miaka 6 afadhali awe kitandani saa moja na nusu. Dakika mnazomtoa usingizini usiku anazilipa asubuhi mbele ya mwalimu. Wazazi wengi hutafuta muda wa familia pale wao wanapomaliza kazi. Utafuteni pale mtoto anapokuwa macho.

Kwenu ninyi, pale ni asubuhi. Kati ya saa kumi na moja na gari kufika mna dakika 45, na bila shaka zinaishia kwenye kutafuta soksi na kufokeana. Hamisheni kazi zote za asubuhi ziwe za jana yake. Sare zipigwe pasi Jumapili mchana, zote za wiki, maana ukingoja usiku umeme unaweza kukatika au yuniti za mita ya kulipia kabla zikaisha. Viatu, mabegi na daftari lililosainiwa vikae mlangoni kabla watoto hawajalala. Maji yachemshwe usiku yatiwe kwenye chupa ya chai, lakini maziwa yasichanganywe humo, kwa sababu yakikaa kwenye uvuguvugu usiku kucha yatachacha. Mkifanya hivyo mnabakiwa na dakika 20 za kukaa mezani wote watano, kikombe mkononi, simu zikiwa chumbani. Kwa siku tano ni dakika 100, na ni dakika ambazo mtoto ana akili timamu ya kuwasimulia mambo yake.

Kosa linaloharibu mpango huu ni kuugeuza kuwa kipindi cha kukagua hesabu za jana. Mtoto akiona meza ya chai ni meza ya maswali, atachelewa kuamka makusudi. Kazi ya shule isimamiwe jioni na anayekuwa nyumbani, ninyi muangalie sahihi tu.

Jambo la pili linahitaji barua kwa mwajiri. Mmoja wenu aombe kuanza kazi saa moja asubuhi na kutoka saa kumi jioni, kabla barabara haijafunga. Msiombe wote wawili, na msiombe "kupunguziwa". Andika saa zile zile 8, ukitoa saa ya chakula cha mchana, taja saa ya kuingia na ya kutoka, omba majaribio ya mwezi mmoja, na eleza nani atashughulikia wateja wa saa za mwisho. Ombi la mdomo kwenye korido husahaulika siku ile ile. Likikubaliwa, anayewahi kurudi ndiye anakula na watoto na kuwalaza, na mwenzake anashika asubuhi.

Lakini kuwahi kurudi hakufai kitu kama huyo mzazi anaingia moja kwa moja kupuliza sigiri ya mkaa. Maharage ndiyo yanayokula jioni za watu. Kama mna friji, loweka kilo 2 Ijumaa usiku, chemsha Jumamosi bila kitunguu, nyanya wala chumvi, yapoe, kisha gawanya kwenye vyombo vya mlo mmoja mmoja. Ya hadi Jumanne yakae kwenye friji, yaliyobaki yagandishwe. Kitunguu na nyanya vinaingia siku ya kula, maana vikitangulia sufuria huchacha haraka, na tena nyanya hufanya maharage yakawie kuiva. Kama hamna friji, msijaribu kupika ya wiki. Loweka asubuhi, msaidizi ayabandike saa tisa alasiri, na siku nyingine mle binyebwa: karanga zilizosagwa zinakaa vizuri bila baridi na mchuzi wake hauchukui hata saa nzima.

Na vikao vya harusi. Mazishi hayakataliwi, hilo tunalijua. Ila kwanjula (sherehe ya utambulisho kabla ya harusi) ya rafiki wa mfanyakazi mwenzako inaweza kupata mchango bila kupata Jumamosi yako. Pangeni kwamba katika kila wikendi nne, mbili ni za nyumba, na kwa hizo nyingine aende mzazi mmoja. Msiwaahidi watoto safari ya Entebbe kuona wanyama kabla hamjaiweka tarehe hiyo kando kabisa. Ahadi iliyovunjwa mara tatu, mtoto haisikii tena. Kumchukua mmoja wao sokoni Jumamosi asubuhi, yeye peke yake, abebe mfuko wa vitunguu na kuhesabu chenji, kunampa mengi kuliko safari inayoahirishwa.

SWALI: Mimi ni wakala wa forodha hapa mpakani mwa Uganda na Kenya, mke wangu ni mwalimu Mukono. Pacha wetu wana miaka 4. Nafika Jumamosi mchana, naondoka Jumapili alasiri. Nikiingia wanajificha nyuma ya mama yao. Naumia.
*Ssalongo, Malaba*

JIBU: Pole, Ssalongo (baba wa pacha). Tunaanza na Nnalongo, mama yao: je, makosa ya wiki nzima anayaweka hadi ufike? "Baba akija utaona" ni maneno yanayokutangulia mlangoni. Mtoto wa miaka 4 akiadhibiwa Jumamosi kwa kosa la Jumanne haunganishi mambo hayo mawili, anachojua ni kwamba baba amekuja na kiboko. Kosa la Jumanne limalizwe Jumanne.

Ukifika usiwakamate kuwabusu. Kaa kwenye mkeka, chini, fungua begi lako taratibu, waache waje wenyewe. Inaweza kuchukua nusu saa. Usilipe kiingilio kwa biskuti, maana watajifunza kuangalia mfuko badala ya uso wako. Halafu chukua kazi moja iwe yako kila wiki, kwa mfano kuwaogesha Jumamosi jioni. Pale kwenye beseni, na povu masikioni, ndipo wanapoongea.

Katikati ya wiki piga simu kwa wakati ule ule, tuseme saa kumi na mbili na nusu jioni. Dakika 5 kwa kila mmoja zinatosha, na kila mmoja aongee peke yake, kwa sababu katika pacha yuko anayemmeza mwenzake. "Shule ilikuwaje?" hujibiwa "vizuri" na mazungumzo yamekwisha. Uliza kitu cha kushikika: mlikula nini, nani alimwaga uji. Foleni ya malori ikikubana, tuma ujumbe wa sauti kabla ya saa ile, si baada.

Jumapili usitoroke wakiwa wamelala. Waage, walie, kisha watilie punje 6 za mahindi kwenye kikombe. Kila usiku wanatoa moja. Kikombe kikiwa kitupu, asubuhi yake ndiyo siku ya baba.

SWALI: Nafanya kazi kiwandani Jinja, siku saba kwa wiki, na mwaka jana nililipwa pesa badala ya likizo. Mume wangu ni mwanajeshi. Sheria inasemaje?
*Mama Aisha, Jinja*

JIBU: Sheria ya Ajira ya Uganda ya 2006 inakataza kumfanyisha mtu kazi zaidi ya siku 6 mfululizo bila mapumziko ya saa 24 kamili. Wiki ya kawaida haizidi saa 48, na saa za ziada zinalipwa angalau mara moja na nusu. Likizo ya mwaka ni siku 7 kwa kila miezi minne ya kazi, yaani 21 kwa mwaka, na makubaliano ya kuiacha ili ulipwe pesa ni batili. Uzazi una siku 60 za kazi kwa mama na 4 kwa baba, kwa malipo. Kwa mumeo ni tofauti: sheria hii haiwagusi wanajeshi wa UPDF (jeshi la Uganda), yeye atafuata taratibu za kikosi chake.

Tarehe za likizo hupangwa kwa makubaliano, kwa hiyo peleka ombi mapema, kalenda ya shule ikiwa mkononi: siku chache muhula wa kwanza unapofungwa, nyingine muhula wa pili, na kubwa ibaki Desemba. Wakikataa, andika siku na saa ulizofanya kazi kwenye daftari, kisha nenda kwa afisa wa kazi wa wilaya.

SWALI: Mwanangu wa miaka 2 anamwita msichana wa kazi "mama". Nimfukuze?
*Mwenye wivu, Ntinda*

JIBU: Usimfukuze, dada. Mtoto anampa jina hilo anayemlisha na kumbembeleza, na kumbadilishia mlezi kila miezi mitatu ndiko kutakakomuumiza. Wewe chukua kuoga kwa jioni na kumlaza, kila siku, hata ukiwa umechoka. Na msichana naye ni mfanyakazi mbele ya sheria ile ile, ana haki ya siku yake ya kupumzika. Mpe Jumapili nzima, atoke nyumbani kabisa, nawe ushike nepi, uji na usingizi wa mchana. Wiki mbili za kwanza mtoto atamlilia mlangoni. Mbebe mgongoni kwa leso, endelea na kazi zako, atatulia.